Kamba ya Mama Shukuru

Mwanangu Rehema,

Sikuulizi hujambo, maana nakusikia unavyokoroma chumba cha pili. Wala sitakuandikia kwamba sisi huku hatujambo, kwa sababu mimi sijambo siijui tangu jana alasiri.

Kwa safari yako ya masomo Tabora, nasaha za kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa, kusali kwa wakati na kuwaepuka wanaume wenye maneno matamu umekwisha pewa na shangazi zako, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka nikakuonea huruma. Mimi sirudii. Nina jambo moja tu, na nalitanguliza ili mengine uyasome ukiwa umekaa: najua ni wewe uliyetupiga ile video.

Usiinuke kuja kunieleza. Nimekwisha iona, kwa macho yangu haya, na nitakuambia nimeionaje. Lakini kwanza nataka ujue ulichokivunja, maana nadhani uliona wanawake wanene wakirukaruka, basi. Acha nikueleze kilichokuwa pale uani.

Unakumbuka mwaka 2013, ulipokuwa kidato cha tatu, nilipoanguka dukani mbele ya wateja. Daktari alinipima presha, akakitazama kipimo, akanitazama mimi, akakitazama tena kipimo kama mtu anayedhani kimeharibika. Akasema presha iko juu na sukari nayo imeanza, mama, fanya mazoezi. Nikamuuliza mazoezi gani. Akasema, kimbia kila asubuhi. Nilicheka mpaka akakasirika. Mimi, mke wa mtu, muuza vitenge niliyezoeleka Kasulu nzima, nikimbie barabara ya Kibondo na baibui langu? Watu si watatoka nje kuuliza nani amefariki?

Nilirudi na vidonge vyangu nikakaa. Na wakati ule nilikuwa na ugonjwa mwingine ambao daktari hakuwa na kipimo chake. Baba yako alikuwa amemwoa yule binti wa Busunzu na kumweka Kibondo kwenye duka la pili, na mimi niliambiwa na mteja. Mteja, Rehema. Mama mmoja amekuja kununua kitenge, ananipa pole, namuuliza pole ya nini, anashika mdomo. Kumbe mji mzima ulikuwa unajua, na wengine walikula pilau ya harusi. Tangu siku ile nikawa mtu wa kutazama kila uso nikijiuliza huyu naye anajua nini ambacho sijui. Hilo liweke akilini, maana ndilo lililokuja kuniponza.

Aliyenitoa kitandani ni Mama Shukuru. Wewe ulikuwa unamwona ni jirani tu anayeuza maharage, Devota wa upande wa pili wa uzio wa mabanzi. Mimi nilikuwa namwona kila asubuhi akiingia na “mwakeye” yake, salamu ya asubuhi ya kwao, kabla sijafungua macho vizuri, amebeba uji, anakaa kwenye ukingo wa kitanda, haniulizi chochote. Siku moja nikamweleza kichekesho cha daktari na barabara ya Kibondo. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akaniambia kwamba kama barabara ina macho, ua wangu hauna, na mtu anaweza kukimbia bila kwenda popote.

Alikuwa na ile simu kubwa ya kugusa aliyoletewa na kaka yake kutoka Dar, na kaka yake alikuwa amemwekea mazoezi ya mzunguko. Tukaitegemeza simu kwenye kigoda tukaangalia. Wasichana wembamba, chumba chenye vioo. Nikasema haya si yetu. Mama Shukuru akasema vyombo vyao tunavyo, ila vyetu vina majina mengine. Basi tukapanga vituo. Penye mlango wa jiko, kuruka kamba. Penye karo, kuchuchumaa na kuinuka umekumbatia dumu la maji. Kwenye benchi la baba yako, pushapu, magoti chini kwa anayeanza. Kwenye ngazi za baraza, kupanda na kushuka. Juu ya mkeka, kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, mpaka tumbo litetemeke. Kisha kukimbia papo hapo magoti juu, na mwisho mfuko wa mchanga begani, kutoka langoni hadi chooni na kurudi. Unatoka kituo hiki unaingia kile, hukai. Hapo ndipo penyewe, alisema: moyo unadhani unakimbia kwenda Kigoma, mikono inadhani inalima, kumbe mtu hujatoka nyumbani kwako.

Siku ya kwanza nilifika kwenye benchi nikalala palepale. Nilimwambia aniache nife nikiwa Mwislamu. Akanimwagia maji ya uso akasema, “Raundi ya pili, mama.”

Kamba yenyewe aliisokota yeye, ya katani, akatia vigunzi vya mahindi viwe vishikio. Aliipima kwa urefu wake, ndiyo maana sisi wengine tulikuwa tunajikwaa.

Wakaja na wengine. Anita wa saluni alikuja kwa ajili ya kiuno, wenzake wakaja kwa ajili ya mgongo, presha, waume, na upweke, ingawa upweke hakuna aliyeutaja. Tulifunga lango kwa komeo. Baibui tunatundika kwenye kamba ya nguo, vilemba tunavua, tunavaa suruali za zamani za waume zetu tumezikaza kwa vitambaa. Sharti lilikuwa moja, na lilisemwa siku ya kwanza kabisa: ya uani yanabaki uani. Mle ndani, mwanangu, nilicheka kuliko nilivyocheka tangu niolewe. Na mle ndani nililia. Nilikuwa nabeba ule mfuko wa mchanga huku machozi yananitoka kwa ajili ya baba yako na mke wake, na hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa uso wa kila mtu ulikuwa umelowa. Presha ilishuka. Daktari alikitazama kipimo akanitazama mimi, safari hii akatabasamu. Nililala usiku. Nilianza kumjibu baba yako kwa sauti ya kawaida. Wewe mwenyewe uliniambia, mama siku hizi unaimba.

Hicho ndicho ulichokipiga picha.

Mwaka uliofuata, ulipokuwa kidato cha nne, nilipita stendi siku ya gulio nimebeba mzigo wangu wa vitenge. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, “Raundi ya pili, mama!” Wenzake wakaangua kicheko. Niliganda. Lile neno lilikuwa la uani, lilifikaje stendi? Nilikuwa bado nimesimama pale, mzigo kichwani, Anita akaja mbio kutoka saluni ananilia begani. Akasema kuna video, inarushwa simu hadi simu, vijana wameiona, wanaume wetu wameiona. Akanyoosha simu anionyeshe.

Niligeuza uso. Nilimwambia nikiiona nitakufa. Nilikuwa nafikiri kwamba nisipoiona, basi kwangu itakuwa haijatokea kabisa. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika mambo haya yote, na limeniuma kuliko presha. Nilikuwa na haki ya kuangalia nikaona aibu kuangalia, kisha sikuona aibu kuhukumu.

Kesho yake baba yako akafika kutoka Kibondo. Aliingia na viatu vyake hadi sebuleni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Hakupiga kelele. Alisema mteja alimwonyesha simu dukani, akaangalia kidogo tu akamrudishia, kwa sababu hakuweza kuendelea. Akasema wanaume wa Kibondo wamemwona mke wake na suruali yake yeye. Akasema ua ufungwe. Nilitaka kumuuliza mbona yeye wanawake wa Kibondo wamemwona na mengi, lakini nilikuwa sina nguvu.

Usiku ule nilijiuliza nani. Na jibu lilikuja rahisi sana. Uani kulikuwa na simu moja tu, juu ya kigoda, na ilikuwa na mwenyewe. Nilijiambia, umeona? Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe sikukuwaza hata kidogo, ingawa ulikuwa na ile simu ya kamera uliyoachiwa na baba yako. Ningeanza kujishuku mwenyewe kabla yako.

Asubuhi alikuja kama kawaida yake, kamba shingoni, simu mkononi. Yeye alidhani amekuja kunipa pole, tulie pamoja. Walikuwepo na wanawake wengine watatu wanne. Niliyoyasema unayajua, ulikuwa umekaa mlangoni pa jiko na ungo wa maharage. Lakini nitayaandika hapa, ili usije ukasema mama kajificha. Nilimwambia:

“Mkimbizi ni mkimbizi tu. Unampa ua, anakuuza.”

Mtu aliyezaliwa Kasulu hii, uraia anao, amezika mama yake hapa, mtoto wake anaimba wimbo wa taifa kuliko wewe. Mtu aliyenishika kichwa nilipokuwa natapika. Aliivua kamba shingoni, akaitundika kwenye msumari wa mlango wa jiko, pale kando yako. Akasema, “Sawa, Mama Rehema.” Akatoka, na lango akalirudishia taratibu.

Mimi nikakutazama wewe. Uliinamisha kichwa ukaendelea kuchagua maharage. Nikasema moyoni, maskini mwanangu, ananionea aibu mama yake.

Hapo ndipo uliponisaliti, Rehema. Video naweza kuielewa. Nimekuwa msichana. Najua ulisimama dirishani, ukaona makalio ya mama yako yakipanda na kushuka ngazi, ukacheka, ukamrushia rafiki yako mmoja mcheke wote, ukamwambia usimwonyeshe mtu. Na yeye akamrushia mmoja, akamwambia vilevile. Ningelijua siku ile, ningekusema wiki nzima, ningekunyang'anya simu, baba yako angesema ya kwake, kisha yangeisha. Upuuzi wa mtoto unaisha. Lakini uliniona namtukana mtu asiye na kosa, ukiwa umekaa hatua mbili kutoka kwangu, neno ulilonalo mdomoni lingetosha, na ukachagua maharage.

Na hukuishia hapo. Ulinipikia uji ule aliokuwa ananipikia yeye. Ulinikanda miguu. Siku niliyokaa barazani nikiutazama ule mfuko wa mchanga, uliniwekea mkono begani ukasema, “Mama, usimuwaze yule.” Nilikushukuru. Nilikwenda kumwambia Mungu wangu kwamba mume amegawanywa, rafiki ameniuza, lakini binti nimepewa. Nilisujudu kwa ajili yako. Sijui kama unaelewa inavyokuwa mtu kukumbuka shukrani aliyoitoa kwa kitu kisichokuwepo.

Baba yako alinificha harusi, nikaumia. Lakini baba yako nilikutana naye nikiwa mtu mzima, na nilijua ni mtu. Wewe sikujiandaa.

Ua ulifungwa. Wanawake walipotea mmoja mmoja. Nilijaribu kufanya peke yangu siku moja baba yako akiwa Kibondo, nikaruka, nikajikwaa kwenye kamba, nikakaa chini. Mzunguko wa mtu mmoja ni kazi ngumu bila mtu wa kukuambia raundi ya pili. Vidonge vikaongezwa. Na upande wa pili wa mabanzi nikawa namsikia akikohoa, akipuliza moto, akimwita Shukuru, na najua naye alikuwa ananisikia. Majirani waliokosana husikilizana kuliko waliopatana.

Sasa nije jana.

Tulikupa kanga mpya ukaenda kuaga. Hapa kwetu mtoto haondoki kimyakimya kama mwizi. Anapita mlango kwa mlango, anapiga goti, anaombewa dua, na kila nyumba inampa kitu hata kama ni konzi ya karanga. Na unapita kote, hata kwa aliyegombana na mama yako, kwa sababu hakuna ajuaye atakayemkuta akirudi. Ulirudi umejaa. Karanga, sabuni, asali ya yule mzee wa Kitanga, vitumbua vya Bi Mkubwa wa msikitini. Tukawa tunavipanga kwenye begi, mimi na wewe, vizuri tu. Nikakuuliza, na kwa Mama Shukuru?

Ukasema, “Nilibisha hodi, hakuwepo.”

Mwanangu, Mama Shukuru alishinda anapura maharage. Fimbo yake ilikuwa inapiga alasiri nzima, pu, pu, pu, mpaka mtoto wa nyumba ya tatu akashindwa kulala. Mtaa mzima ulijua yupo. Hata wakati unaniambia hakuwepo, alikuwa anapiga.

Nilikunja nguo niliyokuwa nayo mkononi, nikaikunjua, nikaikunja tena. Nilikuwa najiuliza kitu kimoja. Kwa nini mwanangu amwogope mtu aliyemkosea mama yake? Mkosaji hatumwogopi. Tunamchukia, tunamnunia, tunampita bila salamu. Anayeogopwa ni yule tuliyemkosea sisi. Nilisimama nikavaa baibui, nikakuambia naenda kutafuta kamba ya kufungia begi.

Nilikwenda saluni. Nikamwambia Anita, ile video bado unayo? Alikuwa anamsuka mtu, akaacha kichwa cha watu nusu. Akaniuliza, leo ndiyo unaitaka? Nikamwambia leo.

Basi nimeiona. Ni fupi. Mbele kabisa, pembeni, kuna kitu cha njano kinapepea, na nyuma yake nondo za dirisha. Lile pazia la maua ya njano nimelishona mimi kwa mkono wangu, ulipofaulu kwenda sekondari. Ninaonekana mimi na mfuko wa mchanga, nimepinda kama mzee. Anaonekana Anita kwenye ngazi. Na katikati, mchana kweupe, anaonekana Mama Shukuru akiruka kamba yake huku akituitia raundi ya pili, mikono yote miwili imeshika vigunzi, na simu yake imekaa kwenye kigoda nyuma yake. Wote walioiona waliona hivyo. Nilipomlaani mbele za watu, wale waliokuwa wameiona walinyamaza, kwa sababu mke wa mtu atakubali vipi kwamba ameangalia? Na wanaume waliangalia vingine.

Mwishoni kuna kicheko, cha kubana puani. Nakijua kicheko hicho tangu hakina meno.

Niliomba kuiona tena. Anita akanikatalia. Alinikalisha chini ya ile mashine ya kukaushia nywele, akanipa maji, na nililia humo kichwa kikiwa ndani, watu wanadhani nasubiri nywele.

Nilitoka pale nikapita mlango wetu bila kuingia. Nilikwenda kwake. Alikuwa amekwisha pura, anapepeta. Nilisimama, hakuniambia karibu. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima, yote yakaniishia. Nikasema nimeiona leo.

“Leo?” akauliza. “Siku zote hizi hukuiona?”

Nikamwambia sikuweza. Aliendelea kupepeta, makapi yananirukia mimi, na nikaona ni haki yangu. Kisha akasema yeye aliiona siku ileile, kabla hajaja kwangu na kamba shingoni. Aliliona pazia. Alikuja asubuhi ile akijua ni mtoto wangu, na alikuja kuniomba nisikupige.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini aliniacha nimtukane. Akauweka ungo chini.

“Ningesemaje? Mtoto ni wako, yuko mwaka wa mtihani. Na mimi ni mkimbizi.”

Alisema hivyo tu, bila hasira. Ningependa angenipiga na ile fimbo. Akaongeza kwamba alidhani utakuja mwenyewe kumwambia. Mwezi wa kwanza alikuwa akisikia lango letu likilia, anatega sikio. Kisha mtihani ukapita, akasema sasa atakuja. Jana aliposikia unaaga nyumba ya jirani, aliacha kupura kidogo ili asikie hodi. Ulipita. Akaendelea.

Kwa hiyo hata huko kunyamaza kwa fimbo nilikusikia mimi, sikujua tu ni nini.

Nilimwomba radhi. Nilipiga magoti penye maganda, na magoti yangu unayajua. Hakusema amenisamehe. Nataka ulijue hili kwa usahihi, maana ukubwani utakutana nalo: mtu anaweza kuomba radhi kwa moyo wote na asipewe jibu siku hiyo, na hana wa kumdai. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza sukari yangu imefika ngapi siku hizi. Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Akasema, nenda nyumbani, giza linaingia. Hayo ndiyo niliyopata, na ni mengi kuliko ninayostahili.

Lile neno la ukimbizi hukunitia wewe mdomoni. Lilikuwemo. Babu yako alikuja Kasulu na mzigo wa chumvi kichwani kutoka Ujiji, na wazazi wa Devota walikuja kutoka ng'ambo ya mpaka na kaka yake mgongoni, wote tumekuja. Miaka yote nilikula naye sahani moja huku neno lile nimeliweka mahali, kama mtu anayeweka kisu chini ya godoro asijue lini atakihitaji. Nililificha hata mimi mwenyewe nisilione. Chunguza ya kwako mapema, Rehema. Kila mtu analo, na litatoka siku utakayoumia.

Na jambo jingine nimelijua pale uani kutoka kwa Mama Shukuru, si msikitini wala shuleni. Katika ule mzunguko, kituo kigumu kwangu kilikuwa kile cha mkeka. Hukimbii, hubebi kitu, umelala tu juu ya viwiko unajishikilia, na kila mara nilikuwa najidanganya kwa kushusha tumbo likaguse chini. Hakuna aliyekuwa akiona, isipokuwa mimi. Mama Shukuru alikuwa akisema, tumbo linajua. Hata usiponiambia neno maisha yako yote, tumbo lako limejua tangu siku ya maharage, na naamini ndiyo maana ulikonda ukasema ni mtihani.

Nina hasira na wewe. Na katika kuandika hivi nimeinuka mara mbili kuja kukufunika, maana baridi ya Kasulu huijali na shuka unalipiga teke. Nimekutazama ukiwa umelala, nikatafuta usoni yule aliyenidanganya, nikamwona yuleyule wangu. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Mume ukimkasirikia unampa mgongo. Mtoto ukimpa mgongo, yumo humo mgongoni.

Baba yako sijamwambia. Hilo ni lako na yeye, siku utakayoona. Wanawake wa uani nitawaambia mimi, mmoja mmoja, kwamba Devota hakuwa na kosa na kwamba kosa lilikuwa la nyumba yangu. Nitawaambia mbele ya lango, kwa sauti ileile niliyomfukuzia. Na Ijumaa asubuhi nitafungua ua, baba yako aseme atakalosema. Sijui kama atakuja mtu. Nitaanza na dumu la maji.

Barua hii nitaiweka ndani ya viatu vyako, ndiyo itakuwa kitu cha kwanza utakachokigusa. Uisome, uoshe uso, unywe chai niliyoiacha kwenye chupa. Basi la Tabora linaondoka alfajiri, lakini nimekuamsha mapema kwa makusudi, kuna muda. Utanikuta nimesimama langoni na begi lako. Ukitoka, kushoto ni stendi. Kulia ni kwa Mama Shukuru, na taa yake utaiona inawaka, maana yeye huamka kabla ya jogoo.

Sitakushika mkono. Sitakuambia twende. Utakakogeukia nitalibeba begi nyuma yako, hata kama ni kushoto, maana u mwanangu, na mabega haya yamezoea mchanga. Ila ukigeuka kushoto usiniombe dua pale stendi. Nitakuwa sina.

Kamba ya kufungia begi sikuipata, nilisahau kuinunua. Nimelifunga kwa ile ya msumarini, yenye vigunzi. Siyo yako, wala siyo yangu, na haiwezi kwenda Tabora.

Mrudishie mwenyewe.

Mama